Mwandishi wa Koplo Nicodemo

Koplo Nicodemo alirudi nyumbani kwao Endagikot na majeraha mawili ya risasi, moja pajani, jingine kwenye mkono wa kulia. Aliyapata Kongo, kwenye kikosi cha kulinda amani, ambako wenzake walimwita Malenga kwa kuwa kila jioni aliwasomea shairi. Maumivu aliyavumilia. Kilichomsumbua ni kwamba wenzake wako bado kule, na yeye hawezi kuwaandikia.

"Nitaandika mimi," alisema mama yake, Kornelia, mwalimu mstaafu wa darasa la pili. "Wewe sema polepole."

Wakakaa kibarazani, mama kavaa miwani na kushika simu. Nicodemo akaanza:

*Nanywa uji kwa mamangu, mguu juu ya mto,*
*Na huu mkono wangu, umefungwa kama toto.*

Mama aliandika kwa kidole kimoja. Lakini ubeti wa pili ulipofika kwenye damu, akaacha.

"Hili siliandiki."

"Mama, ndivyo ilivyokuwa."

"Najua. Lakini wenzako wako huko huko. Wachekeshe."

Akaandika la kwake, akawatumia wote. Muda si mrefu akajibu kutoka Kongo Gidahosh, rafiki wa Nicodemo, mzaliwa wa Yaeda Chini: "Malenga, tumecheka mpaka afande kaja kuuliza kuna nini. Hilo la sindano limepita yote uliyowahi kutunga."

"La sindano lipi?" Nicodemo aliuliza. Mama akamgeuzia simu.

*Alilia kwa sindano, akaita mama, mama.*

Alicheka hadi paja likamuuma.

Tangu hapo walitunga pamoja kila siku, na majibu yakawa mengi. Mmoja tu kikosini, Theodory, hakujibu.

"Huyu ana nini?" mama aliuliza.

Nicodemo aliutazama mguu wake. "Siku niliyojeruhiwa nilishika zamu yake, alikuwa na homa. Risasi zilipoanza akatoka kitandani, akanibeba mgongoni mpaka kwenye gari. Nafikiri anajilaumu."

Mama alifuta miwani. "Basi sema. Leo nitaandika lolote."

Nicodemo akasema yote: damu, matope, mgongo wa Theodory uliowaka kwa homa, na jinsi alivyojua, akiwa juu ya mgongo ule, kwamba hatakufa. Mama hakuruka hata neno moja, akamtumia Theodory.

Kesho yake mchana simu iliita. Mama akaiwahi.

"Shikamoo mama. Mimi Theodory."

"Marahaba. Ni wewe uliyembeba mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na homa yako ile?"

"Nilishapona, mama."

"Likizo lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Pitia hapa kwanza, ndipo uende kwenu. Nitaongea mwenyewe na mama yako. Unapenda kondoo wa kuchoma au wa mchuzi?"

Theodory alicheka, kwa mbali, halafu kwa nguvu. Nicodemo alinyoosha mkono wa kushoto aombe simu. Mama akamgeuzia mgongo, akaanza kumweleza Theodory habari za maharage ya mwaka huu.