Mlio wa Pili

...bado, namwambia, sijasikia kitu, maana huyu fundi wa simu amelala chali chini ya meza yangu, viatu vimetokeza nje kama vya maiti aliyefunikwa shuka fupi, na kila mara ananiuliza bibi umesikia mlio, mlio upi sasa, nimebonyeza tisa ukalia mmoja, nimebonyeza tisa tena kimya, na yeye huko chini, subiri bibi, huo wa kwanza ni wa mtambo wako mdogo, wa pili ndio wa mtambo mkubwa wa juu kwa mkurugenzi, unaokupa laini ya nje, ukipiga namba kabla ya huo wa pili utaongea na ukuta... mkurugenzi, heee, mkurugenzi niliyemfuta makamasi kwa upindo wa gauni langu, leo nabonyeza tisa kumbishia hodi, na ndiye aliyekuja kwenye kile chumba changu cha barabarani, akaziba pua, mama huku vumbi, mama huku kelele, njoo jengoni kwangu chini, chumba bure, simu bure, nami na akili zangu nikabeba vyerehani na wale wasichana wangu wawili nikamfuata, nikaiacha simu yangu ya waya mmoja, ilikuwa ikilia naikamata, nani, unataka nini, mapazia, njoo upime, basi, hakuna tisa wala babu yake tisa... bibi jaribu kumpelekea simu msichana wa chumba cha pili, gusa kile kitufe, nagusa, puu, imekatika, aa, anasema, ule mtambo mkubwa umedhani unaitwa wenyewe, ukigusa tu unaidaka, nitaurekebisha, unaidaka, ndiyo, kama mwanangu mwenyewe alivyo, nikifumbua mdomo tu yeye keshajibu, mama hali nyama, mama hapandi ngazi, mama kachoka, nani kamwambia nimechoka... na jana tena, matroni wa shule ya bweni, nilimshonea mashuka tangu huyu mkurugenzi hajaota ndevu, kanishika mkono njiani kama kaja msibani, pole dada, nimepiga nikaambiwa umestaafu, mashuka nimewapa wengine, nimestaafu! nikasema huyo ni mpokezi wa juu, yule binti ninayemwita Asali kwa sauti yake, kachanganya, nikapanda ngazi na goti langu hili, wewe mtoto, nani kastaafu, akatazama kucha zake, samahani bibi, bosi kasema simu zako zisikusumbue, upumzike... nikamtukana mwanangu mbele ya wageni wake, akacheka, basi mama usikasirike, kesho nakuletea mtambo wako mwenyewe, simu tatu, wewe ndiye bosi, na mimi jinga zima nimelala usingizi mtamu nikijiona bosi... fundi, eeh bibi, huu waya unaokwenda ukutani unaishia wapi, juu bibi, na mteja akinipigia anaingilia wapi, juu kwanza, kwa mpokezi, yeye ndiye anayekushushia, na asiponishushia, anasema taratibu, hapo bibi mimi natengeneza nyaya tu... natengeneza nyaya tu, mjanja huyu, kajibu bila kujibu, kumbe nimeletewa mwanasesere, kama nilivyokuwa nampa yeye mkasi wa plastiki akae pembeni anione nikikata kitambaa cha kweli, akakata hewa siku nzima na furaha tele, jamani, kanirudishia mkasi wangu... wala si mbaya, ananipenda, hilo ndilo linaloniudhi, mtu mbaya ningemfungia mlango nikalala... na kile chumba cha barabarani hakijapata mtu, mwenye nyumba mwenyewe bahili hata bati lililopinda hajalinyoosha, waya wangu bado unaning'inia pale ukutani, namba yake naijua kuliko miaka yangu, wasichana watanung'unika, wamezoea feni, wanung'unike, vyerehani vilikuja kwa mkokoteni vitarudi kwa mkokoteni, na matroni nitamfuata shuleni kwake kwa miguu yangu nimwoneshe mstaafu anavyofanana... ndio huu sasa, mlio wa pili, umeingia sikioni mrefu, laini, kama paka aliyeshiba, bibi umesikia, vinauliza viatu, bado, namwambia, endelea kukaza huko chini, na kidole changu kishaanza namba ya mwenye nyumba.