Uta wa Bure

Bei ilikuwa ya chini mno, na hilo ndilo lililomtia Simiyu wasiwasi. Kama Hawo angetaja bei ya kuvunja moyo, wangevutana kidogo, angelipa, angeenda zake. Lakini uta wa kupigia sello, ile fidla kubwa ya kupigwa umeketi, uta wa mbao nzuri namna ile, singa zake za mkia wa farasi zingali nyeupe, uuzwe kwa bei ya blanketi mbili? Hapana. Hapa pana jambo.

Mtamwelewa mkimjua. Simiyu, mzaliwa wa Bungoma, alikuwa koplo wa polisi Nyeri, na tangu aanze kazi hakuwahi kupokea hata chai ya mtu. Wenzake walimcheka kwa hilo. Yeye alitembea kifua mbele. Kitu kingine alichojivunia ni sello yake, aliyofunzwa kanisani akiwa mdogo. Jumatatu iliyofuata alikuwa amealikwa kujaribiwa na okestra moja ya Nairobi iliyokuwa ikitafuta mpigaji, nafasi aliyoiombea miaka nenda miaka rudi. Na siku chache kabla yake uta wake ukaanguka sakafuni nyumbani Gatitu, ukakatika karibu na ncha. Maduka ya Nairobi yalimtajia bei akabaki kinywa wazi. Ndipo akaelekezwa Nanyuki, kwa Hawo, mama anayenunua na kuuza vyombo vya wazungu wanaohama.

Alikuja na sello mgongoni. Aliujaribu uta palepale, ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya masufuria na mapazia, na sauti iliyotoka ilimfanya afumbe macho. Aliutaka hadi akajionea aibu. Angelipa wakati ule mambo yangeisha, lakini kazi ilikuwa imemwingia kwenye damu.

"Mama, hii umetoa wapi?"

"Kwa mzungu."

"Mzungu gani?"

"Alienda kwao."

"Lini? Alikupatia risiti?"

Hawo akaacha kukunja pazia. Alimtazama viatu, jinsi vilivyong'aa, akapanda hadi kwenye nywele zilizonyolewa fupi, kisha akaangalia namna alivyojiweka akiulinda mlango kwa macho.

"Hiyo si yangu," akasema. "Niliwekewa tu."

"Si umesema sasa hivi ulinunua?"

Simiyu akaona hatari. Koplo mzima akutwe na mali ya wizi! Jina lake lote safi lingeingia topeni kwa siku moja.

"Ni nani alikuwekea? Uko na namba yake ya simu?"

Hawo aliufunga uta kwenye gazeti, akamsukumia kifuani.

"Chukua, afande. Enda nayo."

"Nitalipa, mama."

"Sitaki pesa yako! Ati nishike noti imepakwa dawa ya mtego halafu mniweke ndani? Mwaka jana wenzako walibeba redio na baiskeli yangu, ati ni ushahidi. Wewe beba hiyo, uniache na biashara yangu."

Simiyu alishikwa na hasira, kisha aibu, kisha, Mungu amsamehe, tamaa. Uta ulikuwa mkononi mwake. Hakuna ambaye angejua, na Jumatatu ilikuwa mlangoni. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Mwishowe akauweka mezani, akabeba sello yake, akatoka bila kuaga.

Alikuwa amefika kwa muuza viazi aliposikia anaitwa.

"Wewe! Rudi!" Hawo alikuwa mlangoni na uta mkononi, anacheka. "Rudi, ndugu yangu, nimekukosea! Nilidhani wewe ni polisi. Kumbe! Polisi gani anaweza kuacha kitu ya bure?"

Muuza viazi naye akaangua kicheko.

Hawo alikuwa mtu mwingine sasa. Alikiri kwamba mzungu hajaenda popote, yuko Nanyuki mpaka mwisho wa mwezi, akampigia simu papo hapo. Mzungu akamwambia Simiyu mwenyewe kwamba ndiyo, aliuza uta ule, ulikuwa wa binti yake aliyeacha kupiga. Wasiwasi wote ukamtoka.

"Kwani unafanya kazi gani?" Hawo akauliza, akinyoosha mkono apokee pesa.

Miaka yote Simiyu alikuwa akingoja raia mmoja tu atambue kwamba yeye ni mwaminifu. Leo ametambuliwa, na kwa uaminifu huohuo amevuliwa upolisi wake mbele ya watu. Kitambulisho cha kazi kilikuwa mfukoni, kimegusana na noti. Kukitoa ilikuwa kazi ya sekunde. Lakini akikitoa, mkono ule ungerudi nyuma, na uta ungebaki Nanyuki.

Akatoa noti tu.

"Mimi ni mwalimu," akasema. "Nafundisha muziki."

"Nilijua tu," Hawo akasema, akizipokea. "Uso yako ni ya mtu haezi danganya."