Yafa Hakuendwi Mikono Mitupu

Mchungaji alipotangaza safari ya Nchi Takatifu, siku tisa, Bethlehemu na Nazareti na Yerusalemu yenyewe, kanisa zima liliitikia amina. Mukansanga peke yake alinyoosha mkono na kuuliza kama basi litapita Yafa. Mchungaji akaipekua karatasi yake, akasema ndiyo, siku ya mwisho, nusu siku tu. "Basi niandike," akasema Mukansanga, akaketi. Binti yake Spés, aliyekuwa kiti cha nyuma, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ilikuwa Mei mwaka 2015. Mwaka huo Mukansanga alikuwa ametimiza miaka sabini, au karibu na hapo, na pasipoti yake ya Marekani ilikuwa bado inanuka upya. Miaka minane alikuwa amekunja mashuka ya hospitali katika kiwanda cha kufulia hapa Buffalo, akiweka kidogo kidogo. Watoto wake walidhani anaweka kwa ajili ya mazishi yake. Kumbe mwenzao alikuwa na safari.

Yafa ni bandari ya kale sana. Mbao za mierezi za hekalu la Sulemani zilishushwa pale, na Yona alipanda merikebu pale akimkimbia Mungu, kama vile Mungu hana habari na bahari. Lakini kwa Mukansanga hao walikuwa wapita njia. Mwenyeji wa Yafa ni Dorkasi, mama aliyewashonea wajane nguo. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro kanzu alizowashonea, na mtume Petro akamwamsha kutoka wafu. Kambini Tanzania Mukansanga aliongoza kikundi cha akina mama wa Dorkasi kwa miaka kumi na mmoja, akiwa na cherehani moja ya mguu iliyoegemezwa jiwe. Wajane na yatima aliowashonea hawakumlipa hata punje ya maharage.

Maandalizi yakaanza, na hapo ndipo Spés alipomjua mama yake upya. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya ghala, miguu inawaka, anamkuta bibi kizee huyo mezani, simu mkononi, anatembea Yafa kwa kidole kwenye picha za ramani. Mtu ambaye hajakaa darasani hata siku moja, ambaye hata bili ya umeme anasomewa, aliujua mji ule kichochoro kwa kichochoro. Aliujua mnara wa saa. Aliijua njia inayopanda kilimani hadi kanisa la Petro, lile lenye mnara unaotazama bahari, na jinsi mawe ya ngazi yalivyolainishwa na nyayo za watu.

"Hapa kuna ngazi nyingi," alisema akionyesha. "Nitapumzika kwenye kile kibaraza. Halafu nashuka bandarini, naona maji."

"Mama, maji tunayo hapa. Ziwa zima."

"Ziwa lako halina Dorkasi."

Spés alicheka, lakini moyoni alijivuna. Aliwasimulia wenzake ghalani kwamba mama yake ataitembelea bandari ya Sulemani, na bei ya tikiti hakuitaja, maana ingeharibu utamu.

Neno likabaki moja. Mukansanga hakuihesabu Yafa kuwa matembezi. Aliihesabu kuwa ni kwenda kwa mtu, na kwa mtu hakuendwi mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Atampelekea mwenyeji nguo iliyoshonwa kwa mkono wake mwenyewe, aiache kanisani, apewe maskini yeyote wa pale. Alinunua kitambaa cha buluu, akakikata vizuri kabisa. Kushona ndiko kulikomshinda. Mashuka ya miaka minane yalikuwa yamemla vidole. Vilikuwa vimepinda na kukakamaa, sindano inaanguka kabla haijapita. Kila asubuhi alishona kidogo, kila jioni alifumua. Alichofumua kilikuwa kingi kuliko alichoshona.

Wiki tatu kabla ya safari alikikunja kile kitambaa, akakiweka kabatini. "Mpigie mchungaji," akasema. "Nafasi yangu ampe mwingine. Siendi."

"Mama! Nitashona mimi, wewe utie vifungo tu."

"Nimpelekee Dorkasi kazi ya mtu mwingine niseme ni yangu?"

"Basi tupeleke moja ya zile za zamani."

Mukansanga alimtazama tu. Spés akauma ulimi, maana alijua. Za zamani hazikuwepo. Majira yao ya baridi ya kwanza hapa, waliposaidiwa makoti na suruali za jinzi, Spés alizikusanya nguo zote za kambini, zake na za wadogo zake, akazitia kwenye mfuko mweusi, akauweka barabarani usubiri gari la taka. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa amechoka kuitwa mkimbizi. Mama yake alikuwa amesimama dirishani. Hakusema neno siku ile, wala hakusema baadaye. Kwa hiyo kazi yote ya mikono yake, kwa kadiri Mukansanga alivyojua, ilikuwa imekwisha duniani. Na mikono yenyewe ndiyo hiyo.

Mchungaji aliwapa mpaka Jumatatu. Spés akampigia Nzigire, Mkongomani aliyekaa nao kambini na sasa analea wazee huko Columbus, amwombe amshawishi mama. Nzigire alisikiliza hadithi yote bila kukohoa.

"Bon," akasema. "Mama njo anasema haendi? Donc, usimuambie kitu. Mie na Teopista tunakuya samedi."

Teopista alikuwa Louisville, Mrundi mwenzao, mjane tangu kambini. Aliendesha gari saa tatu na zaidi mpaka Columbus, akampakia Nzigire, wakaendesha tena saa tano. Jumamosi alasiri walisimama mlangoni mwa Mukansanga, mtaa wa East Side, na sanduku moja katikati yao.

"Shikamoo, Mama," wakasema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," akasema Nzigire. "Hatuna maneno mingi. Angalia tu."

Akafungua sanduku. Akatoa gauni la mtoto, limeshonwa kwa pazia la maua, akalitandaza mezani. Teopista akatoa blauzi ya kitenge cha kijani, imepauka. Nzigire akatoa shati la kiume lenye viraka. Teopista akatoa sketi. Zikaja za watu wengine, walizopitia kuchukua kwa wenzao wa Louisville na wa Columbus: jumla nguo kumi na nne, mpaka meza haikuonekana.

Mukansanga akasogea mezani. Alilivuta lile gauni la mtoto, akaligeuza ndani nje, na kidole kilichopinda kikaenda chenyewe upande wa kushoto chini ya kwapa. Mfuko wa ndani ulikuwepo. Kila nguo aliyoshona kambini aliitia mfuko pale, wa kuficha kadi ya posho, maana aliyepoteza kadi alilala njaa na watoto wake. Hata nguo za watoto wachanga alizitia, kwa sababu mwizi hampekui mtoto.

"Binti yangu Précieuse alivaa hii siku tulipanda ndege," akasema Nzigire. "Leo anasomea unesi. Kilo ishirini njo walituruhusu, Mama. Niliacha masufuria. Hii sikuacha."

"Wema hauozi, Mama," akasema Teopista.

Mukansanga aliigeuza moja baada ya nyingine, zote kumi na nne, akitafuta mfuko, na kila mmoja aliukuta. Kwenye shati alisimama. "Kifungo hiki nani alikitia? Si mimi. Aibu tupu!" Walicheka, na machozi yakawatoka, yeye naye.

Spés alikuwa bado amesimama karibu na jiko. Yeye peke yake hakuwa na cha kuweka mezani, na alijiona mdogo kama punje ya ulezi. "Mama," akasema, "zetu nilizitupa mimi."

"Nilikuona."

"Nisamehe."

"Ulikuwa unaona baridi, mwanangu. Nguo zangu hazikuwa za Buffalo." Akamvuta mkono akamkalisha kando yake. Kisha akazitazama zile nguo, na Spés akaona uso wa mama yake ukibadilika taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo la kuchekesha.

"Jamani," akasema. "Wajane walipomwonyesha Petro nguo, Dorkasi alikuwa wapi?"

"Alikuwa amekufa," akajibu Teopista.

"Amelala palepale chumbani, hasikii, haoni. Walimsifu yote yale, yeye hakusikia hata neno." Akaipapasa meza kwa mikono miwili, vidole vimepinda juu ya kitenge na pazia na viraka. "Mimi nimeziona. Nina macho yangu mawili, na nimeziona. Sasa ninacho cha kumpelekea. Nitakwenda Yafa nimsimulie jinsi inavyokuwa."

Nzigire alikuwa amefunika uso kwa kitenge.

"Na hii niazime," akaongeza Mukansanga, akiinyanyua ile blauzi ya kijani.

"Chukua, Mama. Mimi Amerika imeninenepesha, hainiingii hata mkono mmoja," akasema Teopista.

Mukansanga akaivaa palepale, juu ya sweta. Ilimtosha. Akamwagiza Spés alete pasipoti kutoka kabatini, akaingiza mkono chini ya kwapa la kushoto, akaisukuma ile pasipoti mfukoni polepole kwa vile vidole. Ilibana kidogo, kisha ikaingia. Spés akatoka barazani kumpigia mchungaji.