Mlima Uliogombania Shikamoo

Usiku wa jana niliota niko kwenye masomo ya jioni, katika chuo chetu cha wananchi kilichojengwa chini ya mlima, na chaki imegoma kuandika.

Mwalimu Hidaya Mhina aliikandamiza ubaoni mara ya pili. Haikutoa hata mstari. Mwalimu huyu ana umri wa mjukuu wangu wa kwanza, na anayajua yaliyo chini ya nyayo zetu kama mke wangu anavyolijua jiko lake. Mimi nilikuwa mtu wa mizani katika shamba la mkonge, na nilipostaafu nilisema sitakaa barazani kungoja uji. Nilisoma hesabu usiku nikiwa kijana, nikajifunza kupiga taipu nikiwa na watoto, na sasa nasoma miamba. Nalisema hili ili ieleweke kwamba nilikuwa safu ya mbele, na chaki niliiona vizuri.

"Una nini?" Mwalimu aliiuliza.

"Siandiki," ilisema chaki. "Mimi ni jasi, lile jiwe jeupe laini, nina jamaa mlimani. Wamenipa habari kwamba udongo unaondoka leo."

"Udongo upi?"

"Ule wa mfinyanzi, wa katikati. Umeshafunga mizigo, unangoja mvua tu. Ukitoka, vyote vilivyo juu yake vinakuja hapa."

Mwalimu akatazama dirishani. Mvua ilikuwa imesimama langoni, inamwonyesha mlinzi kitambulisho.

"Basi aende mtu akazungumze nao," alisema. "Mimi sikatishi kipindi."

Salehe Kiondo, mchimba visima anayekaa nyuma yangu, alinigusa bega. "Nenda wewe, Mzee Semboja. Wale ni rika lako."

"Rika langu wana adabu. Hawakai nyuma ya watu kuchekacheka."

"Ndiyo maana nakwambia uende, mzee. Ukifika waulize waliingia jando mwaka gani."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. "Babu," aliniambia, "udongo hauzuiwi na mtu. Lakini unaweza kukatazwa na mkubwa wao. Mtafute aliye mkubwa kuliko wote mle mlimani. Kanuni zote za kujua umri wa miamba tumeshasoma."

Nasimama. Nafungua mlango wa darasa, na nje ya mlango ni ndani ya mlima.

Ndani ya mlima ni ghala letu la zamani la mkonge, lile la mabati marefu. Mahali pa robota yamepangwa matabaka ya mawe, moja juu ya jingine, na yote yamekaa mkao wa kikao.

Udongo wa mfinyanzi ulikuwa mlangoni, umekalia mzigo wake.

"Habari," uliniambia.

"Nzuri. Nasikia unaondoka."

"Naondoka. Nimechoka kubeba watu wasioamkiana. Humu wote wanasema 'habari', kwa sababu atakayesema shikamoo amekubali kuwa mdogo. Lakini mtoto wa watu haondoki bila kuaga, na mimi natafuta mkubwa wa kumuaga tangu mlima huu haujawa mlima. Kila mmoja anasema ni yeye."

"Na usipompata?"

"Mvua ikifika mlangoni, nitahesabu kwamba nimeaga."

Niliuliza mkubwa anajulikanaje. Udongo ulinieleza bila haraka. Atakayepewa shikamoo ya kwanza katika kikao ndiye mkubwa. Akisema nenda, udongo utakwenda. Akisema kaa, utakaa. Na shikamoo hiyo ni yangu kuitoa, kwa kuwa mimi ndiye mdogo kuliko wote waliomo.

"Unayo moja," ulisema. "Ikishatoka mdomoni hairudi."

Muda mrefu sijaitwa mdogo kuliko wote. Kutoka nyumbani hadi chuoni huwa naitikia marahaba njia nzima mpaka koo linakauka.

"Kijana," aliita mtu wa chini kabisa. Lilikuwa Jiwe la Tope, pana, limevimba kwa heshima. "Kanuni ya kwanza inasemaje?"

"Tabaka la chini ndilo lililotangulia kulala. Lililo juu limekuja baadaye."

"Na mimi niko wapi?"

"Chini."

"Basi usitupotezee wakati. Niamkie, nimpe huyu ruhusa aende zake. Akitoka nitapata pa kunyooshea miguu."

Mdomo ulikuwa umeshajipanga kusema. Kisha nikakumbuka maneno ya Mwalimu Hidaya: kabla hujamheshimu aliye chini, hakikisha kwamba chini ni chini. Nikalala chali sakafuni, nikajisogeza mpaka nikaliona Jiwe la Tope kwa upande wa chini. Tope bichi likinyeshewa huweka alama za matone, na alama zilikuwepo, vishimo vidogo kama vya ndui. Zilikuwa zinanitazama.

"Mzee," nilisema nikiwa palepale chini, "mvua ilikunyeshea kutoka wapi?"

"Juu, kama watu wote."

"Mbona matone yamekupiga kwa chini?"

"Nililala vibaya," lilisema.

"Mvua hainyeshi kwenda juu. Mlima ulipokunjwa mligeuzwa wote, kama chapati. Wewe uliye chini ndiye uliyekuja mwisho."

"Ilikuwa zamani sana," lilisema Jiwe la Tope. "Nilidhani watu wamesahau."

Kikao kizima kiligeuza shingo kutazama juu. Mwamba mweusi uliokuwa umesimama wima katikati yao, uliowapasua wote toka sakafuni hadi darini, ulijikunyata.

"Mimi msinitazame," ulisema. "Nilikuwa moto, nikapita kati yenu, nikagandia njiani. Mimi ndiye mdogo kuliko ninyi nyote. Huwezi kukanyaga mkeka ambao haujatandikwa."

Nilianza kupanda. Nilipofika katikati nilisikia mtu anasema shikamoo, shikamoo, shikamoo, kwa sauti ya kuchoka. Alikuwa Mama Kokoto, jiwe lililojaa vijiwe vya mviringo, ameinamia tumbo lake.

"Unamwamkia nani, mama?"

"Hawa ninaowabeba. Kila kijiwe kilichomo tumboni mwangu kilikuwa jiwe kabla mimi sijawa. Mzazi ni mimi, wakubwa ni wao."

"Kumbe shikamoo ya kwanza imeshatoka."

"Hii ni ya nyumbani, haihesabiki kikaoni."

"Wanaitikia?"

"Wakipenda," alisema. "Leo wamenuna."

Kutoka chini ya sakafu ilinifikia sauti ya Mwalimu Hidaya. Anamuuliza Kiondo tofauti ya mwamba na madini. Kiondo anajibu kwa kujiamini, na amekosea. Mwalimu anamwelekeza taratibu, kwa mfano wa keki na unga wake, kana kwamba mlima uliokuwa juu ya kichwa chake haukumhusu. Hakuna aliyetazama dirishani. Nje ya ghala, mvua ilikuwa inafuta miguu kwenye zulia.

Nikapanda haraka. Juu kabisa, chini ya bati, lilikaa Jiwe la Mchanga, limenyooka, rangi ya mkate. Kama kikao kilipinduliwa, huyu ndiye aliyetangulia kulala. Nilifunga kifungo cha koti, nikavuta pumzi.

Likanyanyua mkono. "Usiniamkie."

"Wewe ndiye mkubwa. Nimethibitisha kwa matone."

"Ningependa sana iwe hivyo, lakini si haki. Umemsikia Mama Kokoto. Nami pia ni mtu wa chembe, na kila chembe iliyomo ndani yangu ilizaliwa kwingine kabla sijakuwapo. Yupo mmoja ambaye hata chembe wenzake hawajui alikuja lini. Yuko ndani. Piga hodi."

Napiga hodi kwenye jiwe. Linafunguka, na nipo barazani kwa shangazi yangu Mwanaisha.

Shangazi ndiye mtu wa mwisho niliyemwamkia maishani. Alipofariki, nilitazama huku na huku msibani nikaona sina tena mtu duniani wa kumwambia neno lile. Nimeendelea kulipokea kila siku, lakini pa kulipeleka sikuwa napo. Kiti chake cha kamba kilikuwa mahali pake, na mto wake juu yake. Juu ya mto palikuwa na chembe moja, ndogo kuliko punje ya sukari, rangi ya asali.

"Karibu," ilisema.

"Samahani, naomba kukufahamu."

"Zirkoni, chembe ya madini. Nilizaliwa ndani ya moto, chini ya mlima ambao siku hizi haupo. Ulilika wote kwa mvua, nikawa mchanga wa mto. Mto ukafa, nikawa jiwe. Lile jiwe nalo likasagika, nikawa mchanga tena. Hii niliyomo sasa ni nyumba mpya."

"Na wewe hukulika?"

"Pembe kidogo."

Nimetumia maisha yangu kusoma mizani, na nimeona malori ya mkonge yakipimwa yakiwa yamejaa. Sijapata kuona kitu kizito kama kile kilichokuwa juu ya mto wa shangazi, na mto haukubonyea.

Napiga magoti. Magoti yangu siku hizi hulalamika, ila pale yalikunjika kimya, kama ya mtoto. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ilisema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Mwite huyo anayetaka kusafiri."

Udongo ulikuja na mzigo wake kichwani, na nyuma yake mvua ikachungulia.

"Naomba ruhusa niondoke," ulisema udongo.

"Unakwenda wapi?"

"Chini."

"Na hapo njiani, mwanzo wa chini, pana nini?"

Udongo ulitazama miguu yake. "Pana darasa."

"Lina watu?"

"Wamo. Wanasoma habari zetu."

"Basi kaa," ilisema zirkoni, "mpaka wamalize kusoma."

Udongo haukubisha. Uliuliza tu, kwa adabu, kusoma kwao kunaisha lini, maana mizigo ilikuwa imeshafungwa.

"Mimi sijui," ilisema zirkoni. "Muulize mtoto."

Mlima wote ulinitazama. Hata Jiwe la Tope lilijipinda kutoka chini ili lisikie. Na mimi, mzee mwenye vitukuu, nilijibu nikiwa nimepiga magoti vilevile.

"Bado," nilisema. "Ndiyo kwanza tumeanza."

Udongo ukatua mzigo, ukaanza kufungua kamba. Mvua ikarudi langoni kuchukua kitambulisho chake. Kutoka chini nilisikia chaki ikiandika.

Niliamka kumekucha. Mke wangu Zaituni alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga mabegani, ananiangalia.

"Baba Mbwana, ulikuwa unamwamkia nani?"

"Nilikuwa naota."

"Hilo nalijua. Shikamoo yako niliisikia nikageukia upande wa pili. Kilichoniamsha ni marahaba."

Nilikaa kitandani. "Labda nilijiitikia mwenyewe."

"Wewe ukizungumza usingizini unanguruma kama mashine ya kusaga. Ile ilikuwa sauti ndogo. Ilitoka hapo kwenye mto, karibu na sikio lako."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nami nikaamkia. Mtu mzima huwezi kumnyamazia eti kwa sababu humwoni."

"Na akakuitikia?"

"Aliitikia," alisema Zaituni, akasimama kuifunga kanga yake vizuri. "Akaniuliza kama nimekula."