Uso wa Malkia

Kila asubuhi kabla ya chai, mchoraji husafisha brashi zake kwa tapentaini, moja moja, akizikamua kwa kitambaa. Leo hakumaliza. Mlango ulipigwa teke.

Aliyeingia ni dada yake mkubwa, mwigizaji ambaye mtaa mzima humwita Malkia kwa sababu ya nafasi aliyoishika jukwaani miaka mingi. Msimu huu nafasi hiyo amepewa binti mwingine.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo yako kaa nayo! Picha yangu iko wapi?"

Ilikuwa mbele yake: jukwaa, mapazia mekundu, watumishi wamepiga magoti. Taji lile lile, gauni lile lile. Uso tu ndio ulikuwa wa yule binti, rangi ya mafuta bado mbichi.

"Meneja wa ukumbi ndiye aliyetaka," mchoraji alisema, macho kwenye brashi. "Kazi ni kazi."

"Meneja nimetoka kwake sasa hivi! Alikuagiza uchore picha nyingine, kwenye turubai jipya. Hii uliyoichukua ilikuwa ibaki pale mlangoni pa ukumbi. Ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho kule!"

"Labda sikumwelewa."

"Wewe? Unayesikia hadi nzi akitua kwenye rangi?"

Malkia akamnyang'anya kitambaa. "Sura yangu iko chini hapa. Hicho kitoto kinashuka leo."

"Dada, acha!"

Akasugua. Pua ikayeyuka, mdomo ukavutika hadi shingoni. Akaendelea kusugua huku akitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Chini hapakuwa na uso. Palikuwa na nyuzi tupu za turubai na mikwaruzo ya kisu.

Alikuwa amekaa mbele ya mdogo wake kuchorwa mara nyingi mno asiijue kazi hii. Uso uliokauka ukibadilishwa hupakwa rangi mpya juu, basi; haukwanguliwi.

"Umenikwangua."

"Rangi ilikuwa inabanduka."

"Ibanduke usoni tu? Taji zima, gauni zima, hadi viatu vya watumishi vizima!"

"Nitakuchora upya."

"Sitaki kuchorwa. Nataka uniambie."

Mchoraji akaweka brashi chini. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini haikutetemeka.

"Siku niliyotoka kumzika mwanangu, ulikuja humu ukaniuliza kama picha yako hii imekauka. Meneja alipoagiza ile nyingine, sikukosea, dada. Nilishika kisu nikakukwangua mpaka ukaisha. Nilitaka niingie ukumbini nisikukute."