Wosha ya Shaba, Chai ya Watu Wawili

Wakati wa vita vya Hitler, kila kitu kiliadimika mjini Eldoret isipokuwa mvua na amri. Sukari iliadimika, tairi zikaadimika, hata msumari uliopinda mtu aliunyoosha akaupiga tena. Huko nyuma ya gereji ya Kaburu mmoja, karibu na mto Sosiani, fundi Elphas Shitanda alikosa kitu kidogo ambacho watu wengi hawajui hata kama kipo. Kinaitwa wosha. Ni kipete cha shaba nyekundu kinachokaa chini ya injini ya pikipiki, kwenye ile bolti inayofunguliwa ili oili chafu imwagike. Bolti huibana wosha, wosha huizuia oili. Lakini ikishabanwa, shaba hukakamaa, na ukiirudisha hivyohivyo itakudondoshea oili njia nzima mpaka injini ife. Ndiyo maana wosha ya zamani hutupwa na mpya huwekwa. Sasa mpya zitoke wapi, na meli zinazamishwa baharini?

Shitanda alikuwa na dawa yake. Aliitunga wosha ya zamani kwenye waya, akaiweka ndani ya makaa mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini, akaisugua kwa majivu. Shaba ililainika, ikawa tayari kubanwa tena. Hapo hapana uganga wowote, mafundi wengi walifanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba makaa ya Shitanda yalikuwa ya jiko lake la chai. Na chai ikishachemka mbele ya watu wawili, nani atakuwa na roho ya kuimwaga?

Mtu wa pili alikuwa Mwalimu Kimeli. Alifundisha watoto wa maskwota, vibarua walioishi kwenye shamba la mzungu huko upande wa Kapseret, na Jumapili alihubiri katika mashamba ya jirani. Mmisionari aliyeitwa vitani alimwachia pikipiki kuukuu yenye kigari cha ubavuni, akamwambia aitunze. Kimeli akaitunza kwa kuileta kwa Shitanda Jumamosi moja baada ya nyingine. Askari wa lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, alipomuuliza, kama alivyomuuliza kila mgeni, una shida gani, Kimeli alijibu neno moja tu: oili. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Mwafrika hakutoka kwake kwenda kwa mwenzake bila shida ya kutaja, na watu walizoea mpaka wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Oili ilipokuwa ikimwagika kwenye karai na wosha ikiiva kwenye makaa, walikunywa chai iliyopikwa kwa maziwa ambayo Jeruto, mke wa Kimeli, alikuwa amempa mumewe abebe. Walizungumza juu ya mahindi, juu ya vita, juu ya Ayubu na marafiki zake wasiojua kunyamaza. Kimeli naye hakuwa na wengi wa kukaa nao. Watu wa rika lake walikusanyika kwenye chungu cha pombe na mirija yao mirefu, na yeye wa kanisa alibaki nje ya duara. Lakini Kimeli jioni alirudi kwa Jeruto. Shitanda alirudi kwenye chumba chenye kitanda kimoja na koti ukutani.

Aliwahi kuwa na mke, Nanzala, huko kwao Kabras. Uchungu wa uzazi ulimshika, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wampeleke hospitali ya misheni, na ekseli ikavunjika njiani kwenye matope. Mama na mtoto walikufa hapohapo kando ya barabara. Shitanda alikuwa Eldoret, chini ya lori la mtu, na habari ilimfikia wakati kaburi limekwisha kuota majani. Tangu siku hiyo hakuona sababu ya kwenda nyumbani wala mahali pengine popote. Alikaa, akangoja kilichoharibika kije kwake.

Vita vikaisha. Makasha ya vipuri yakaanza kushuka kwenye treni, na katika kasha moja mlikuwa na mkebe uliojaa wosha mpya za shaba, za saizi zote. Yule Kaburu akatoa amri: kila oili inapomwagwa, wosha mpya, ya zamani itupwe. Mambo ya kukalia makaa kama wachoma mahindi hataki kuyaona tena. Shitanda alisema ndiyo Bwana, akauweka mkebe kwenye rafu. Alihesabu mwenyewe namna itakavyokuwa: bolti itoke, oili imwagike, wosha mpya, bolti irudi, Mwalimu asante, kwaheri. Chai itapata nafasi gani hapo?

Basi, ukweli usemwe, mtu mzima akaanza uongo. Pikipiki za wazungu aliziwekea wosha mpya. Jumamosi Kimeli alipofika, mkebe ulikuwa umelala chini ya magunia, na Shitanda alimwambia kwamba za saizi yake bado hazijaja. Kimeli akasema hakuna neno, zitakuja, akajivutia kigogo chake akakaa. Kwani utambishia fundi juu ya kazi yake? Makaa yakapulizwa, wosha ileile ikaingia motoni, na chai ikawa tamu kuliko ya wakati wa vita. Jumamosi zikafuatana. Wosha ikazidi kuwa nyembamba kwa kubanwa na kuchomwa, na Shitanda aliiona, akajiambia bado inafaa. Upweke ni uvundo, wahenga walisema, na uvundo ukikaa sana mwenye nyumba hausikii tena.

Halafu siku moja katikati ya wiki, mvua ikinyesha tangu asubuhi, pikipiki ya Kimeli iliingia uani. Mwalimu hakucheka, hakuuliza habari ya maji ya chai. Alisema Jeruto ni mja mzito na siku zake zimekaribia. Watoto wawili wa kwanza walifia nyumbani, na daktari alimwonya kwamba safari hii asingoje uchungu, aje hospitali mapema. Mwenye shamba amekataa kutoa lori. Kesho atampakia Jeruto kwenye kigari cha ubavuni na kumleta mjini polepole, matope au si matope. Alitaka oili ibadilishwe na kila kitu kitazamwe vizuri.

Shitanda alifungua bolti, akaacha oili imwagike. Kwa mazoea akaitunga wosha kwenye waya, akaizika ndani ya makaa, akateleka sufuria juu yake. Kimeli alikaa kwenye kigogo akitazama mvua. Wosha ilipokuwa nyekundu Shitanda aliitoa, akaitia majini, akaisugua kwa majivu, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeikata upande mmoja.

Shetani hana kazi nyingine ila kutoa ushauri wakati kama huo. Ikaze sana tu, alimwambia, itafika mjini. Nani atajua? Lakini Shitanda aliuona ule mkokoteni. Hakuwahi kuuona kwa macho yake, maana hakuwepo, ila kwa miaka yote aliutengeneza kichwani, ekseli na magurudumu, akijua ni wapi hasa palipovunjika na jinsi ambavyo yeye angepafunga. Sasa ndani ya mkokoteni alimwona Jeruto. Aliona haya, haya ya kuchoma masikio. Akainuka, akasukuma magunia, akautoa mkebe, akauweka mbele ya Kimeli na kuufunua.

Kimeli alitazama ndani. Zilikuwa zinang'aa, na mkebe ulikuwa umebaki nusu.

"Za saizi yangu?"

"Za saizi yako."

"Zilikuja lini?"

"Tangu mvua ndefu ya mwaka jana, Mwalimu. Nilikudanganya. Niliogopa ukipata mpya hutakaa tena."

Kimeli hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Jeruto amekuwa akipanda kigari hiki kila Jumapili," alisema. "Mara mbili oili imevuja ikaisha, tukasukuma."

Shitanda alichagua wosha mpya, akaivika kwenye bolti, akakaza, akamimina oili safi, akawasha injini na kutandika karatasi nyeupe chini yake. Walisimama wakiitazama ile karatasi kwa muda mrefu, na karatasi ikabaki nyeupe. Chai ilikuwa imechemka. Shitanda alimimina vikombe viwili, akamsogezea Mwalimu cha kwake. Kimeli alivaa kofia, akapanda pikipiki, akaondoka. Kule kwao Kabras, mtu uliyempikia akiondoka bila kuonja, amekwisha kusema yote aliyotaka kusema.

Baadaye dereva wa mkokoteni wa maziwa kutoka Kapseret alileta habari kwamba Jeruto amejifungua hospitalini, mtoto wa kike, na wote wawili wazima. Shitanda alikuwa chini ya lori. Alicheka kwa sauti, peke yake, oili ikimdondokea shavuni, halafu akageuza kichwa amwambie mtu, na hapakuwa na mtu.

Jumamosi aliwasha makaa. Alisafisha vikombe viwili, akaviweka. Jumamosi iliyofuata vilevile. Wosha mpya haikuwa na kosa, ilikaa vizuri mahali pake, na kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kumrudisha Mwalimu. Siku moja aliisikia pikipiki barabarani. Fundi huijua injini aliyoishika kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Aliacha spana, akasimama wima akisikiliza. Injini ilikaribia, ikapita, ikaenda zake upande wa stesheni. Aliumia kwelikweli, na hakukuwa na wa kulaumiwa isipokuwa yeye mwenyewe.

Jumapili moja akavaa lile koti la ukutani. Mfukoni alitia wosha mpya chache, alizozifunga kwenye karatasi, ili awe na shida ya kutaja. Akatembea kwenda Kapseret kwa miguu, yeye ambaye kwa miaka yote ya urafiki ule hakuwahi kufika huko hata mara moja. Njia nzima aliifanyia mazoezi sentensi yake: Mwalimu, nimekuletea wosha za akiba. Mlinzi wa shamba alimuuliza una shida gani, akajibu wosha za Mwalimu, akaruhusiwa kupita.

Nyumba ya Kimeli ilikuwa ya udongo, na benchi liliegemezwa ukutani. Kimeli alikuwa amekaa hapo, Biblia magotini, ametoka kuhubiri. Alimwona Shitanda tangu mbali na hakuinuka. Shitanda alivua kofia. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa akilia.

"Una shida gani, Fundi?" Kimeli aliuliza.

Mkono wa Shitanda ulikuwa mfukoni tayari, umeshika karatasi. Sentensi ilikuwa mdomoni. Akafikiri, hata hapa tena? Hata leo nitaingia kwa mgongo wa kipande cha shaba? Akaiachia karatasi, akatoa mkono mtupu.

"Sina shida, Mwalimu," alisema. "Nimekuja tu."

Kimeli alimtazama. Pengine katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akilijibu swali lile namna hiyo. Alifunga Biblia, akaiweka kando, na Shitanda akaanza kugeuka arudi alikotoka.

"Ile chai," Kimeli alisema. "Uliimwaga?"

"Sikuimwaga."

"Uliifanyaje?"

"Niliinywa. Changu, halafu na chako."

Kimeli aliinamisha kichwa. Alipokiinua alimwita Jeruto kwa sauti ya kawaida, akamwambia ateleke maji, kuna mgeni, na mtoto amlete huku nje aonekane. Kisha akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.