Kandambili Zilizobaki Mchangani

Katika kisiwa chetu chote hakuna mwanamke mwenye moyo mgumu kama mimi. Uliza yeyote. Ila usimuulize jirani yangu, fundi cherehani, maana aliwahi kunikuta nimepanda juu ya meza kwa ajili ya jongoo, tena jongoo mwenyewe alikuwa ameshakufa.

Basi kwenye sherehe za ufukweni za mwaka huu nikapewa kazi ya kulinda kandambili. Usicheke. Kila mwaka, kuvuta kamba kukiisha, watu huogelea kutoka gatini hadi kwenye boya jekundu na kurudi. Kila muogeleaji anaacha kandambili zake mchangani. Akirudi, anazivaa. Zikibaki, ujue mwenyewe bado yuko majini.

Mzee wangu naye alijiandikisha. Alikuwa ametuchosha masikio: yeye ujanani alikuwa samaki, yeye boya analigusa na kurudi chai haijapoa.

Nikamwambia, "Baba watoto, wewe ngazi tu zinakutoa ulimi."

Akanijibu, "Mama watoto, wewe linda viatu."

Filimbi ikalia, watu wakajitosa kwa vurugu, povu na mikono tu, humjui huyu wala yule. Baadaye wakaanza kurudi, wanatetemeka na kucheka, kila mtu anachukua zake. Kinyozi. Wasichana wa hotelini. Wa mwisho mwalimu mnene, anashangiliwa utadhani ndiye mshindi.

Ikabaki jozi moja.

Nilizijua hata kabla sijainama. Mkanda wa kushoto niliushona mwenyewe.

"Fundi," nikamwita jirani. Nikazinyanyua. "Hizi za nani?"

"Shoga, si unazijua?"

"Nazijua. Nataka uniambie si zake."

Alinishika mkono tu, na fundi yule si mtu wa kushika mikono.

Mtangazaji akazima muziki. "Mzee mwenye kaptula ya njano," akaita kwenye kipaza sauti, "kama umeshatoka majini, jitokeze." Akaita tena. Watu wote wakageuka kunitazama, halafu wakaacha kunitazama, na hilo la pili lilinitisha zaidi.

Boti ya waokoaji ikaondoka. Bahari ilikuwa imetulia kama shuka lililopigwa pasi, haina hata dalili kwamba imemeza mtu. Nikaingia maji hadi magotini, nikaanza kumtukana. Mzee wangu nikimtukana lazima ajibu, hata awe amelala.

"Mpumbavu wewe! Kichwa nazi! Toka huko!"

Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Karibu na boya mwokoaji akapiga mbizi. Akaibuka ameinua kitu cha njano. Nikakaa majini na gauni langu la sikukuu. Nilitaka kufumba macho, yakakataa.

"Mfuko!" akapiga kelele kutoka kule. "Ni mfuko wa nailoni!"

Nilikuwa bado sijaweza kusimama niliposikia mayowe nyuma yangu. Mzee wangu huyo, anatokea upande wa mawe, amelowa chapachapa, anachechemea, mkono kiunoni. Mtangazaji akamkimbilia na kipaza sauti. Na yeye kipaza sauti akipewa, hakirudishi.

"Mkondo ulinichukua!" akanguruma. "Ukanipitisha boya, ukanizungusha nyuma ya mawe! Nikapigana nao! Mtu mwingine angekufa!"

Watu wakapiga makofi, fundi akalia. Mimi nikamrukia shingoni, nikambana hadi akakohoa, namshukuru Mungu kwa sauti, nalia, nambusu bega, sioni aibu.

Nikaacha kulia.

Nikalilamba lile bega. Nikalamba na la pili, nisije nikamsingizia mtu. Miaka yote nafua nguo za waogeleaji pale hotelini. Aliyetoka bahari ile ukimgusa tu anakuwashia vidole. Huyu wangu alikuwa baridi na mtamu kama maji ya mtungi, na nyuma ya sikio ananukia sabuni ya bafu la wageni.

"Baba watoto," nikamuuliza polepole, ila kipaza sauti kilikuwa katikati yetu na ufukwe mzima ukasikia, "mbona bahari yako haina chumvi?"

Akatazama maji. Akatazama boti ya waokoaji inavyorudi.

"Kule kwenye boya," akasema, "mvua ilinyesha."

Ufukwe mzima ukainua macho juu. Hata wingu la kusingizia halikuwepo.